Mficha Maradhi

Asubuhi za Julai mjini Mbinga zina baridi ya kukaza vidole. Ukungu hulala juu ya mibuni na mashamba ya ngoro tangu usiku, na saa mbili asubuhi bado unaiona pumzi yako ikitoka mdomoni kama moshi. Katika baridi ya namna hiyo kikohozi si habari. Mwalimu anakohoa, mpishi anakohoa, mlinzi wa getini anakohoa. Ndiyo maana katika wiki ya pili ya mtihani wa taifa wa kidato cha sita, mwaka 2020, nilipoingia kwenye chumba cha mtihani nikiwa na homa, koo linawaka na mgongo unauma kama niliyeshusha magunia ya kahawa usiku kucha, hakuna aliyeniuliza kitu.

Nilikuwa nimemeza Panadol mbili saa kumi na moja alfajiri. Mfukoni nilikuwa na pipi kifua tatu. Na nilikuwa nimejifunza ufundi mmoja ambao sijawahi kumwambia mtu: nilisubiri mwenzangu akohoe, ndipo nami nikakohoa ndani ya kikohozi chake. Hata kama msimamizi angekuwa anahesabu, angesikia kikohozi kimoja.

Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji yenye koki na kipande cha sabuni. Madawati yalikuwa yamesogezwa mbalimbali. Kabla ya karatasi ya kwanza tulitangaziwa kwamba mwenye homa au anayebanwa na kifua atoe taarifa. Hatukuambiwa kwamba ukishatoa taarifa kinafuata nini, wala hatukuuliza. Jibu tulikuwa nalo tayari, tulipeana bwenini kwa kunong'ona: ukisema, unapelekwa hospitali, ukipelekwa hospitali, karatasi inakupita, karatasi ikikupita, tuonane mwakani.

Sikusema. Nimejaribu kuliandika jambo hili mara kadhaa na kila mara nimejikuta naandika kuhusu serikali, kuhusu Baraza la Mitihani, kuhusu umaskini, kuhusu dunia. Yote hayo yamo, nitayafikia. Lakini lililo zito zaidi halikutokea ndani ya chumba cha mtihani, na hilo huwa nalikwepa.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi kidato cha sita. Mtihani wetu ulikuwa uanze mwanzoni mwa Mei. Tulifunga masanduku yetu ya bati tukidhani ni mapumziko ya mwezi mmoja, kama ilivyotangazwa, nami nikashuka ziwani.

Mtu wa Mbinga akisema anashuka ziwani hasemi kwa mafumbo. Barabara ya Mbamba Bay inazunguka milima ya Umatengo, inateremka, inateremka tena, na wakati ule ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo tulikula vumbi njia nzima. Ukitoka umevaa sweta na koti. Katikati ya safari unavua koti. Ukiona maji ya Nyasa kwa mbali, ya bluu kama kitambaa cha sare, sweta nalo umeshalifunga kiunoni. Kwetu ni kijiji kimoja kati ya Mbamba Bay na Liuli. Mama yangu anauza dagaa. Hununua kwa wavuvi alfajiri, huwaanika, na wakishakauka huwapeleka Mbinga kwa wenye kahawa. Ada yangu ya sekondari ilinuka dagaa, na sisemi hivyo kuwachekesha watu; noti zenyewe zilinuka.

Nilikaa nyumbani wiki kumi na moja. Mchana nilimenya muhogo, nilichota maji, nilifukuza kunguru kwenye vichanja vya dagaa. Usiku nilisoma kwa taa ya sola iliyokuwa ikizimika kabla sijamaliza swali. Wenzangu wa mjini walikuwa na tuisheni, na walimu waliokuwa wakiwatumia maswali kwa simu. Mimi nilikuwa na daftari tatu za Hisabati na kitabu cha Uchumi ambacho sura mbili za mwisho zilichanika miaka mingi kabla hakijanifikia. Bibi yangu, niliyekuwa nalala chumba kimoja naye, alikuwa akisikiliza habari za ugonjwa redioni na kutikisa kichwa. "Huu ni mtihani, mke mwenzangu," aliniambia. "Huu ni mtihani mkubwa." Nilicheka, maana mimi nilikuwa nafikiria ule mwingine. Kiswahili chetu kina ujanja wake: balaa ambalo Mungu anamshushia mja na karatasi anayogawiwa mtahiniwa vinaitwa jina moja.

Tarehe 21 Mei Rais Magufuli alitangaza kwamba vyuo na kidato cha sita wafungue Juni mosi. Wizara ya Elimu ikatangaza mtihani: kuanzia tarehe 29 Juni hadi 16 Julai. Tulipewa wiki nne. Nikapanda tena Mbinga, safari hii sweta likirudi mwilini kidogo kidogo.

Idadi ya mwisho ya wagonjwa iliyotolewa nchini wakati huo ilikuwa ya mwezi Mei: wagonjwa 509 na vifo 21. Baada ya hapo hesabu ikasimama. Tulibaki na malimau, tangawizi na nyungu. Wapo waliokwisha kuandika mengi kuhusu uamuzi ule na sina jipya la kuongeza, isipokuwa jambo moja linalouhusu mtihani. Mahali ambapo hakuna anayehesabu, kikohozi hakina jina. Hakuwepo mtu wa kukipima changu na kuniambia ni hiki. Nilikuwa huru kukiita mafua ya baridi, na nilikiita hivyo.

Sababu za kukiita hivyo zilikuwa nzito. Utaratibu wa Baraza ni kwamba mtahiniwa aliyeugua akashindwa kufanya mtihani hupewa nafasi ya kuufanya mwaka unaofuata. Ukiusoma ukiwa umekaa ofisini, ni utaratibu wenye huruma. Sasa usome ukiwa binti wa miaka kumi na tisa kutoka ukanda wa ziwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anasubiri mimi nitoke ili mama aanze kumlipia yeye. Tayari kulikuwa na mtu, tena mtu mwenye mtumbwi wa injini, aliyekwisha kuulizia kama nitaendelea na masomo au vipi. Mwaka mmoja nyumbani kwa msichana wa kule haukai mwaka mmoja. Niliowaona wakirudi kungoja mwaka, wengi nimewakuta baadaye na watoto wawili.

Kwa hiyo nilikohoa ndani ya vikohozi vya wenzangu. Na sasa nikikumbuka, nadhani wao nao walikuwa wakikohoa ndani ya vyangu. Msimamizi mwenyewe alikuwa na leso mdomoni siku mbili mfululizo. Chumba kizima kilikuwa na mkataba ambao hakuna aliyeutamka.

Nilimaliza karatasi yangu ya mwisho nikiwa nimeshapata nafuu. Homa ilikuwa imeondoka, umebaki uchovu wa miguu. Kesho yake nikapanda gari la asubuhi. Njiani nilivua koti, nikavua sweta, tukafika Mbamba Bay. Nikateremka pale ambapo magari husimama, karibu na wanawake wanaouza dagaa kwenye masinia na viroba, nikavuta pumzi.

Sikusikia harufu.

Nilisimama pale, mkoba begani. Mbele yangu kulikuwa na sinia la dagaa, nyuma kulikuwa na ufuo ulioanikwa dagaa, na mimi ni mtoto wa muuza dagaa. Niliinama nikachukua mmoja, nikamsogeza puani kama mteja mkorofi. Hakuna kitu. Ilikuwa kama kunusa jiwe. Mama mmoja akaniambia, "Hao ni wa leo, dada, usiwe na wasiwasi." Nikamrudishia.

Tulikuwa tumeshasikia habari hizo. Bwenini kulikuwa na simu mbili zilizofichwa, na habari za dunia zilitufikia: kwamba ugonjwa huu unaondoa harufu. Kwa hiyo pale Mbamba Bay, mtihani ukiwa umekwisha, karatasi zikiwa zimeshafungwa kwenye bahasha na kuondoka, mimi nilijua. Au tuseme nilijua kiasi ambacho mtu yeyote katika nchi yetu angeweza kujua Julai ile.

Nikapanda pikipiki nikaenda nyumbani kulala chumba kimoja na bibi.

Jirani yetu alikuwa mzee ambaye sitamtaja jina. Sisi tulimwita babu tu. Alikuwa mvuvi zamani, kifua chake kilikuwa kibovu kwa miaka mingi, pumu, na moshi wa kukaushia samaki. Kila jioni alikuja kwetu na kigoda chake, akae na bibi wasikilize taarifa ya habari, halafu wagombane kuhusu waliyoyasikia. Mimi aliniita mchumba. Siku niliyofika alitaka kujua kama mtihani ulikuwa mgumu kuliko mbu wa ziwani, nikamwambia mbu ni afadhali. Nilimchemshia tangawizi siku hiyo na siku zilizofuata. Nilimpa kikombe mkononi. Alipenda tangawizi yangu kwa sababu niliweka sukari nyingi kuliko bibi.

Mwisho wa Julai bibi alianza kukohoa. Alilala siku sita, akafukizwa nyungu, akainuka, akaniuliza kwa nini sijachota maji. Babu alianza siku mbili baada yake. Yeye hakuinuka. Alifariki wiki ya kwanza ya Agosti, na waliotoka zahanati walisema ni kifua, kile kile cha siku zote. Inawezekana kabisa. Mtu mwenye pumu ya miaka thelathini anaweza kufa kwa pumu, hata mwaka wa korona. Nilibeba ndoo za maji za msibani siku tatu. Wazee walinisifu kwamba nina adabu ya kazi ingawa nimesoma.

Matokeo yalitangazwa tarehe 21 Agosti. Daraja la kwanza. Vigelegele vilipigwa kwenye uwanja ule ule tuliotandika mikeka ya matanga, na mjane wa babu alikuja na kuku.

Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Nimekaa na methali hii muda mrefu na ninaona kwamba imetungwa kwa maradhi ya aina nyingine. Inamzungumzia mtu anayeficha jipu lake mpaka limuue, na watu wakija kulia ndipo wanaambiana kumbe alikuwa anaumwa. Kilio kinatokea nyumbani kwake. Anayeficha ndiye anayelipa, kwa hiyo methali inamwonya kwa faida yake mwenyewe. Tauni haiendi hivyo. Mimi nilificha, na kilio kikatokea nyumba ya pili. Hakikunifichua. Kilinipa nafasi ya kusifiwa kwa kubeba maji.

Sasa, je, ilikuwa haki kufanya mtihani ule?

Nililitoa swali hili katika semina moja mwaka wangu wa kwanza wa uzamili, bila kusema kwa nini linanihusu. Wengi walijibu haraka: hapana, uhai kwanza. Aliyewanyamazisha ni Mkenya mmoja. Alitueleza kwamba yeye alikuwa mtahiniwa mwaka ule ule. Kenya ilifunga shule mwezi Machi kama sisi, na Julai, wiki ambayo mimi nilikuwa nakohoa Mbinga, Waziri George Magoha akatangaza kwamba mwaka wa masomo umefutika. Watahiniwa waliitwa kurudi Oktoba, na mtihani wa kidato cha nne ukafanyika Machi na Aprili 2021. "Uhai kwanza," alisema, "lakini darasani kwetu wasichana watatu hawakurudi. Hakuna aliyekufa. Wameolewa." Uganda ilikwenda mbali zaidi: madarasa mengine hayakufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili. Ningekuwa nimezaliwa upande wa pili wa mpaka, yule mtu wa mtumbwi wa injini asingehitaji kuulizia mara mbili.

Kwa hiyo siamini kwamba kuahirisha ni mikono misafi. Wala siamini katika kufuta. England walifuta mitihani yao na kutumia kanuni ya kikokotoo iliyotazama, pamoja na mambo mengine, matokeo ya shule katika miaka iliyotangulia. Alama zilipotoka tarehe 13 Agosti 2020, karibu asilimia 40 ya makadirio ya walimu yalikuwa yameshushwa, na waliolia zaidi ni wanafunzi wazuri wa shule zisizo na jina. Baada ya siku nne serikali ikarudi nyuma. Nilipoisoma habari ile nilijiweka mimi mwenyewe ndani ya kikokotoo kile. Shule yangu haikuwa na historia ya daraja la kwanza katika tahasusi ya EGM. Binti wa dagaa kutoka shule kama ile, mashine ingempa alama ya wale waliomtangulia. Mtihani, pamoja na ukatili wake wote, haukuniuliza nimetoka wapi. Ulinipa namba, ukasahihisha namba. Naupenda kwa sababu hiyo, na ninasema hivyo nikijua nilivyoulipia.

Kinachonisumbua ni kitu kidogo zaidi, karibu cha kiutawala. Ni tarehe. Mlango ulikuwa mmoja, ukafunguliwa mara moja. Wiki ile ile ya Julai, China iliwaingiza vijana zaidi ya milioni kumi katika mtihani wao wa kuingia vyuo, nao ulikuwa umesogezwa mbele mwezi mmoja. Agosti, Mahakama ya Juu ya India ilikataa ombi la kuahirisha mitihani ya kuingia vyuo vya uhandisi na udaktari, ikisema maisha lazima yaendelee, na Septemba ikafanyika. Katika vyumba vyote hivyo lazima alikuwepo mtu mwenye homa akisubiri mwenzake akohoe. Vyumba vinaweza kupuliziwa dawa, madawati yakatenganishwa, ndoo zikawekwa kila mlango. Kama anayesema "naumwa" anapoteza mwaka na anayenyamaza hapotezi kitu, ndoo ile ni pambo.

Na kwa kuwa ni mtihani wa ushindani, mambo yanakuwa mabaya zaidi. Nafasi za vyuo zina hesabu, mikopo ya elimu ya juu ina hesabu. Hata kama ningekuwa mtu mwema kuliko nilivyo, wema wangu ungempa nafasi yangu mwingine aliyenyamaza. Serikali ilitutaka tuwe waungwana mmoja mmoja katika mchezo ambao muungwana mmoja hutolewa nje. Huo si uungwana tena, ni kujitoa mhanga, na watu wazima hawapaswi kumwomba mtoto wa miaka kumi na tisa ajitoe mhanga kwa tangazo la dakika mbili kabla ya karatasi.

Ilitosha kuwe na tarehe ya pili. Aliyeumwa Julai afanye Agosti au Septemba, karatasi nyingine, uzito ule ule, aende chuo na wenzake. Watu huniambia haiwezekani, gharama, usalama wa karatasi, nchi kubwa. Lakini mwaka 2022, matokeo ya watoto zaidi ya elfu mbili wa darasa la saba yalipofutwa kwa udanganyifu uliofanyika katika shule zao, watoto hao walirudiwa na mtihani mwezi Desemba mwaka huo huo, wakajiunga na kidato cha kwanza pamoja na wenzao. Karatasi zilitungwa, zikasafirishwa, zikasahihishwa, yote ndani ya wiki chache. Tulipoamua kwamba watoto wale hawakuwa na kosa, tarehe ilipatikana. Mgonjwa naye hana kosa.

Hapo ndipo mwaka jana nilikuwa naishia. Nilikuwa na rasimu ya insha hii iliyoishia kwenye tarehe ya pili, na ilikuwa insha nzuri, yenye mlalamikiwa anayejulikana. Rafiki yangu aliisoma akasema inamtoa machozi. Niliifuta.

Niliifuta kwa sababu ya Mbamba Bay. Ndani ya chumba cha mtihani tulikuwa wawili katika ule ukimya, mimi na aliyepanga mlango ufunguliwe mara moja. Naweza kugawana naye lawama, hata nikamwachia kubwa. Lakini pale kwenye sinia la dagaa mtihani ulikuwa umekwisha. Hakuna karatasi iliyokuwa inanipita. Ningemwambia bibi, "Nimekuja na ugonjwa, nitalala kwa mama mkubwa, babu asije kwa wiki mbili," ningepoteza nini? Mchumba wangu angenuna. Basi.

Nimejiuliza kwa miaka sasa kwa nini sikusema, na jibu ninalolipata halinipendezi. Kusema pale kungekuwa kukiri kwamba niliumwa kule. Mtu angeuliza: umeanza lini? Ningesema: wiki iliyopita. Wangesema: wiki iliyopita si ulikuwa kwenye mtihani? Na kijiji kina midomo, na matokeo yalikuwa bado. Niliogopa kwamba neno moja la Nyasa lingepanda mlima mpaka Mbinga na kufuta daraja langu. Hofu ya kijinga, najua leo. Lakini ndivyo ukimya wa kwanza ulivyofanya kazi: ulihitaji wa pili wa kuulinda. Wa kwanza nilishurutishwa nusu. Wa pili niliutoa bure.

Kuna wakati hujitetea kwa pumu ya babu. Hakupimwa, mimi sikupimwa, bibi hakupimwa. Hakuna mahakama wala hospitali duniani inayoweza kusema nilimuua. Ni kweli. Ila nimeona kwamba ninapofurahia kutokupimwa kule, ninafurahia kitu kile kile ninachokilaumu kwenye taarifa za serikali. Na hata babu angekuwa hai mpaka leo, akigombana na bibi kuhusu taarifa ya habari, kikombe nilichompa mkononi kingekuwa kikombe kile kile.

Desemba iliyopita nilishuka nyumbani. Barabara sasa ni ya lami, unafika kabla hujakumbuka kuvua sweta. Nilikuwa nimekusudia kumwambia mjane. Nilimkuta barazani anachambua maharage, nikamwamkia shikamoo, nikakaa chini kwenye mkeka, nikachukua nami sehemu ya maharage. Tulichambua kimya kitambo. Nikasema, "Bibi, kuna jambo la babu nataka kukueleza. La mwaka ule."

Akasema, "Mwaka ule wewe ndiye uliyekuwa unamchemshia tangawizi. Alikuwa anakusifia mpaka naona wivu." Akacheka. Halafu, kabla sijafungua tena mdomo, akaniambia kwamba mjukuu wao, mtoto wa binti yao mkubwa, yuko kidato cha sita Songea, anafanya mtihani Mei. Mtoto ana akili lakini ana woga. Wewe uliyepita njia hiyo mwandikie, alisema, mpe maneno ya kumsaidia.

Niliporudi Dar es Salaam nilimtumia kijana yule mitihani ya miaka sita iliyopita, na majibu niliyoyaandika kwa mkono. Kisha nikakaa kuandika maneno ya kumsaidia. Lala mapema. Usianze na swali refu. Andika jina la somo kwenye kila karatasi ya ziada. Nikaandika: ukiumwa, sema. Nikaitazama sentensi ile kwenye kioo cha simu. Kama ataumwa Mei na akasema, atangoja mpaka Mei nyingine, na bibi yake anachambua maharage ya watu ili amlipie. Nikaifuta. Nikaiandika tena. Nikatafuta namba ya mwalimu wao wa taaluma, nikampigia nikamuuliza: mtoto akiumwa siku ya mtihani, shuleni kwenu mnamfanyaje? Alinyamaza kidogo, akasema inategemea. Nikamuuliza inategemea nini. Akaniuliza mimi ni nani yake.

Nikamwambia ni jirani.